Mwiba Ulioutoa Utautupa Wapi?

Jua likishapanda juu ya milima iliyo nyuma ya Bujumbura na kuanza kuupiga mchanga wa ufukwe wa Tanganyika, kuna ua dogo la njano linalofunguka chini kabisa, karibu liguse ardhi. Watu wanaofika Saga Plage kuogelea, kula samaki wa mukeke wa kuchoma na kuitazama milima ya Kongo ng'ambo ya maji hawalioni, maana macho yao yako ziwani. Ua lenyewe lina petali tano za njano ya limau, na upana wake haupiti ukucha wa kidole gumba. Mmea unaolizaa haujui kusimama. Mashina yake membamba yenye vinyweleo hutoka kwenye mzizi mmoja yakatambaa pande zote juu ya mchanga, na majani yake yamegawanyika kuwa vijani vidogo vilivyopangwa viwiliviwili. Hiyo ndiyo mbigili.

Mbigili ni mwenyeji wa hapa. Haikuletwa na mtu, tofauti na gugu maji lililotoka Amerika ya Kusini na ambalo leo linaelea katika maziwa yetu. Mtaalamu wa Sweden, Carl Linnaeus, aliiandika kitabuni mwaka 1753 kwa jina la Tribulus terrestris, lakini Afrika, kusini mwa Asia na nchi zinazoizunguka Bahari ya Mediterania zilikuwa zikiijua tangu zama za kale. Huota pale ambapo mimea mingi hushindwa: kwenye mchanga mkavu, kando ya barabara, kwenye njia za ng'ombe, katika joto la bonde la Imbo. Mzizi wake huzama kuufuata unyevu, na wiki chache tu baada ya kuchipua huwa imeshatoa maua. Ua hufunguka asubuhi, na kufikia alasiri limeshajifunga. Kesho yake hufunguka jingine.

Petali zikidondoka, hubaki tunda dogo la kijani lenye pembe tano. Likiwa bichi ni laini, unaweza kulibonyeza kwa kidole. Likikauka hugeuka gumu, rangi yake ikafanana na ya mchanga, kisha likapasuka vipande vitano. Kila kipande kina miiba miwili mirefu na mingine mifupi, na imepangwa hivi kwamba kipande kikianguka vyovyote vile, lazima mwiba mmoja uelekee juu. Majeshi ya kale ya Ulaya yalifua vyuma vya umbo hilohilo na kuvimwaga njiani ili vichome kwato za farasi wa adui. Watoto wanaokimbia ufukweni miguu mitupu wanaijua kazi ya vipande hivyo, na waendesha baiskeli wa mji huu wanaijua zaidi.

Wahenga wetu walisema penye urembo ndipo penye urimbo. Wengi tukiiangalia mbigili tunaishia hapo: ua zuri, chini yake mwiba, basi jihadhari. Ni onyo la kweli, ila kwangu mimi mmea huu una neno zito zaidi ya hilo, na neno hilo linaanzia pale ambapo mguu umeshachomwa. Linahusu safari ya mwiba.

Tafakari jinsi mimea mingine inavyosambaza mbegu zake. Pamba ya msufi hupeperushwa na upepo. Embe na pera huwapa ndege na watu utamu, nao hulipa kwa kuibeba kokwa au mbegu. Mbigili haina bawa wala utamu. Imewekeza kila kitu katika kuumiza. Kile kipande chenye miiba ndicho nyumba ya mbegu, na ili mbegu isafiri ni lazima mtu, mnyama au tairi lichomwe. Anayechomwa anaondoka nayo. Anatembea nayo hatua kadhaa au maili kadhaa, mpaka maumivu yanamlazimisha asimame, ainue mguu, auchomoe mwiba, autupe pembeni kwa hasira na kuendelea na safari. Pale alipoutupa, mvua ikinyesha, mbigili mpya inachipua.

Hapo ndipo nilipoanza kuuogopa mmea huu kwa namna nyingine. Mbebaji wake ni yule aliyeumia, na mkono unaoutupa mwiba kwa hasira ndio mkono unaoupanda. Kwa njia hiyo mbigili imevuka bahari. Imefika Marekani, ambako inaaminika iliingia na sufu ya kondoo, ikasambaa kwenye mashamba na njia za baiskeli kiasi kwamba mwaka 1961 Wamarekani waliagiza wadudu kutoka Italia, jamii ya fukusi, waje kuzitoboa mbegu na mashina yake. Mmea mdogo usioweza hata kusimama umeizunguka dunia kwa miguu ya wale uliowachoma.

Somo la pili nililipata Buyenzi. Mtaa huu wa Waswahili wa Bujumbura unajulikana kwa mafundi wake, na ukipita asubuhi utasikia nyundo kabla ya kusikia salamu. Nilikuwa nimempelekea mzee mmoja fundi baiskeli yangu, tairi la nyuma limekwisha upepo. Aliutoa mpira wa ndani nje, akaujaza upepo kwa pampu, akauzamisha kidogo kidogo kwenye beseni la maji mpaka viputo vikaonyesha tundu lilipo. Nilidhani sasa atachukua gundi na kiraka. Badala yake aliuweka mpira kando, akaingiza mkono ndani ya tairi na kuanza kulipapasa polepole, ncha za vidole zikifuata mzunguko wote, macho yake yametazama mbali kama mtu anayesikiliza.

"Mzee wangu, tundu si umeshaliona?" nilimuuliza.

"Tundu nimeliona, mwanangu," akajibu. "Namtafuta aliyelitoboa. Nikiziba bila kumtoa huyu, hutafika sokoni utarudi hapa."

Vidole vikasimama. Kwa koleo dogo akavuta kutoka ndani ya mpira wa tairi ncha ya mwiba wa mbigili, fupi kuliko punje ya mchele. Hakuutupa chini. Pembeni yake kulikuwa na kopo la maziwa ya unga, ndani yake mmejaa miiba, misumari na vipande vya waya. Akaudondosha humo. Ndipo akasugua mpira kwa msasa, akapaka gundi, akasubiri ikauke, akabandika kiraka. Aliponiona nalitazama lile kopo, akasema kwamba jioni humwaga miiba motoni na misumari humuuzia mtu wa vyuma chakavu. "Nikivitupa hapa mlangoni vitamchoma mteja wa kesho, au mjukuu wangu."

Kwa mtu anayeishi Burundi, maneno ya fundi yule hayawezi kuishia kwenye baiskeli. Baiskeli kwetu ni maisha. Vijana hushuka na mikungu ya ndizi kutoka Bugarama, penye mwinuko wa zaidi ya mita 2,000, hadi huku ziwani kwenye mita 770 na ushei, na kwenye mteremko ule tairi lililozibwa vibaya linaweza kuua. Mwezi Machi 2022 baiskeli na pikipiki zilizuiwa kuingia katikati ya mji, lakini mitaani na vijijini bado zinabeba abiria, mkaa, maji na wagonjwa. Anayepanda baiskeli anamwamini fundi kwamba hakuuacha mwiba ndani.

Nasi kama nchi tumezibwa viraka vingi. Nchi hii ilipoteza watu wengi mno katika mauaji ya mwaka 1972. Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa, na vita vilivyofuata vinakadiriwa kuwa viliondoa roho za watu wapatao 300,000. Mwalimu Julius Nyerere alianza kutupatanisha, akafariki Oktoba 1999 kazi haijaisha, Nelson Mandela akaipokea, na tarehe 28 Agosti 2000 mkataba ukatiwa saini Arusha. Siudharau mkataba ule hata kidogo. Kiraka kilihitajika, watu walikuwa wanakufa. Lakini karatasi iliyotiwa saini na wakubwa haiwezi kupapasa ndani ya tairi. Kazi hiyo ni ya polepole na inauma vidole. Tume ya Ukweli na Maridhiano, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2014, ilipofukua makaburi ya halaiki huko Karusi mwanzoni mwa 2020, ilitoa mabaki ya watu zaidi ya 6,000. Tumeishi miaka mingi juu ya ardhi ile, tukilima, tukioana, tukisalimiana, na mwiba ukiwa ndani.

Kuna wanaosema tuache, yaliyopita si ndwele. Ninaelewa uchovu wao. Hata hivyo nimejifunza kwamba mtu aliyechomwa ana njia tatu mbele yake. Ya kwanza ni kuuacha mwiba ndani na kuendelea kutembea, akijidai haumwi, mpaka mguu uoze. Ya pili ni kuuchomoa na kuutupa njiani, umchome atakayepita, awe ana hatia au hana. Ya tatu ni ile ya fundi: kuutafuta, kuutoa, kuutazama vizuri, na kuuweka mahali ambapo hautamchoma mwingine.

Hiyo njia ya tatu nilikuwa nimeishi nayo nyumbani kabla sijaitambua. Shangazi yangu alikuwa na duka la vitenge lililoporwa na kuchomwa wakati wa vita. Hakutuficha habari zile. Tulipokuwa wakubwa wa kuelewa alitukalisha akatueleza: nani alivunja mlango, nani alibeba majora ya nguo, na nani, jirani wa kabila lile lile la waliochoma, alimficha siku zile chini ya kitanda cha watoto wake. Alieleza yote bila kupunguza na bila kupaka rangi. Kila mara alimalizia vilevile: "Waliochoma ni watu, na wana majina yao. Kabila halina mkono wa kushika kiberiti." Sisi watoto tuliondoka pale tukiujua ukweli wote, na hakuna hata mmoja wetu aliyeondoka na mtu wa kumchukia darasani.

Sasa naona ugumu wa jambo alilolifanya. Ilikuwa rahisi kunyamaza, na ilikuwa rahisi zaidi kutugawia uchungu wake, kila mtoto na fungu lake. Watu wengi waliofanya hivyo hawakuwa waovu. Walikuwa wameumia, na maumivu yalitafuta pa kutokea. Lakini mbigili haijali nia ya anayeitupa. Ndani ya kila kipande cha tunda lake mmefungwa mbegu zaidi ya moja, na hazioti zote kwa wakati mmoja. Moja hutangulia, nyingine hubaki zimelala udongoni miaka kadhaa zikingoja mvua yake. Ndivyo neno la chuki lililosemwa mbele ya mtoto wa miaka sita linavyoweza kukaa kimya muda mrefu, na kuota siku ambayo aliyelisema ameshazikwa.

Wala tusidhani haya ni mambo ya vita na historia tu. Kila siku mji huu unabeba miiba midogo kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Miaka hii ya uhaba wa mafuta, dereva anakesha kwenye foleni ya kituo na kuambulia matusi. Asubuhi anamfokea abiria aliyechelewa kutoa nauli. Abiria anafika kazini uso umekunjamana na kumjibu vibaya mhudumu aliye chini yake. Mhudumu anarudi nyumbani jioni, mtoto anamwaga maji, anachapwa kofi ambalo halikuwa lake. Ukimuuliza yule mtoto kwa nini amepigwa, atakwambia ni kwa sababu ya maji. Hajui kwamba kofi lile lilianzia kwenye kituo cha mafuta na kupita mikononi mwa watu wazima watatu, kila mmoja ameumizwa kweli, na kila mmoja akitupa alichokichomoa mbele ya mguu wa aliye dhaifu kuliko yeye.

Kungekuwa na mtu mmoja tu kati ya hao aliyesema, "Huu unaishia kwangu," mtoto angelala bila alama shavuni. Sizungumzii kuvumilia kila dhuluma. Dereva ana haki ya kudai mafuta, mhudumu ana haki ya kumwambia mkubwa wake kwamba amekosewa. Wahenga walisema mwiba hutokea pale ulipoingilia. Malalamiko yapelekwe kule yalikotoka, kwa maneno yaliyo wazi na bila woga. Makosa ni kuyapeleka kwa asiyehusika kwa sababu tu hana nguvu ya kuturudishia.

Mbigili ina jambo jingine ambalo wafugaji na wakulima wanalijua vizuri. Haipendi kivuli. Ukiikuta imetawala mahali, chunguza: ardhi ile ilivurugwa, ilikanyagwa sana au iliachwa uchi. Miaka ya karibuni ziwa letu lilipanda, maji yakaingia kwenye nyumba za Kibenga na Gatumba, na mahali yaliporudi nyuma yakiacha mchanga mtupu, mbigili ilikuwa kati ya mimea ya kwanza kujitokeza. Ukiing'oa na kuiacha ardhi vilevile, itarudi. Majani mengine yakishika na kufunika udongo, hukosa mwanga na kudhoofika yenyewe.

Ndivyo ilivyo kwa mioyo na kwa mitaa. Mahubiri dhidi ya chuki hayatoshi pale ambapo vijana hawana kazi, hawana shule, hawana pa kukaa pamoja. Ardhi hiyo iko uchi. Buyenzi yenyewe haikusalimika katika miaka ya vita, watu walikufa na wengine wakakimbia. Lakini bado inakumbukwa kwa Waislamu waliowafungulia milango Wahutu na Watutsi waliokuwa wakiwindwa. Ujasiri ule haukuzaliwa usiku ule wa hatari. Ulikuwa umeota pole pole kwa miaka mingi ya kula sahani moja wakati wa Ramadhani, kuzikana, kuazimana chumvi, kuoana na kuzungumza lugha moja barabarani ambayo haikuwa mali ya kabila lolote. Ardhi ilikuwa imefunikwa.

Naogopa msomaji asije akaondoka akidhani nauchukia mmea wenyewe. La. Nyuki hulitembelea ua lile la njano asubuhi kabla halijajifunga. Waganga wa India wameitumia mbigili kama dawa kwa karne nyingi. Ni kweli kwamba kondoo wa Afrika Kusini waliokula majani yake yaliyonyauka wamewahi kuugua ugonjwa wa kuvimba kichwa, lakini mmea hauna nia. Unaishi kwa namna pekee uliyopewa, na kwenye mchanga usiopitwa na mtu una haki yake ya kuchanua. Mbuzi aliyechomwa naye hana lawama, hawezi kuchagua mwiba udondokee wapi.

Sisi tunaweza. Hapo ndipo wajibu wetu ulipo, na hatuwezi kumwachia rais, tume, shehe wala padri. Hatukuchagua kuchomwa. Wengi wetu tulizaliwa miiba imeshamwagwa njiani, na hatuwezi kuulizwa kwa nini damu inatutoka. Tutakaloulizwa ni wapi tuliuweka mwiba baada ya kuutoa.

Basi, ndugu yangu unayesoma, kabla hujafika nyumbani leo jikague. Kama kuna neno lililokuchoma kazini, barabarani au sokoni, mtafute aliyelisema umwambie, au mweleze rafiki mwenye busara, au liombee dua usiku. Kama una historia ya familia yenye machungu, wasimulie watoto wako ukweli wote, uwatajie matendo na waliotenda, na uwatajie pia waliosaidia, lakini usiwape kabila la kulichukia. Usiufiche mwiba, na usiutupe njiani. Watoto wetu wanapita njia hii hii, na wengi wao hawana viatu.